Bodi inang'aa, injini haizunguki: ninunue MGB hii?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni nesi hapa Leicester, kwetu Tanga. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyestaafu, anauza gari lake, MGB ya 1973, ile ya wazi, nyekundu, bampa za kromu. Imekaa gereji miaka 11. Bodi inang'aa kama imepigwa rangi jana, ila injini haiwaki, na hata kuzunguka haizunguki. Anataka pauni 3,200. Mume wangu anasema tuichukue, injini hiyo tuitupe, tutie V8, yaani ya silinda nane. Mimi sijui ufundi, ila marehemu babu alikuwa na teksi ya Austin Cambridge na nilikuwa namshikia tochi. Gereji ninayo, na Jumamosi mbili kwa mwezi. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonitia wasiwasi si hiyo injini. Ni huko kung'aa.

Nianze na injini ili tuiweke kando. MGB ina injini ya silinda nne, cc 1,798, chuma cha kutupwa kuanzia bloku hadi hedi, ya ukoo ambao BMC, kampuni ya magari ya Kiingereza ya enzi hizo, waliuita B. Ukoo huohuo ndio uliokuwa chini ya boneti ya Austin Cambridge ya babu yako, ila yake ilikuwa ndogo kidogo, cc 1,489 au 1,622 kulingana na mwaka. Kwa hiyo vile vitu ulivyokuwa ukimulikia tochi, utavikuta vimekaa karibu palepale. MGB zilitoka kiwandani Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na jumla yake ilipita nusu milioni. Maana yake vipuri vipo. Pistoni, beringi, gasketi, hata skrubu ya kioo cha pembeni, unaagiza leo unaletewa mlangoni wiki hiihii. Injini iliyoganda ni kazi, lakini ni kazi yenye mwisho.

Bodi ndiyo isiyo na mwisho. Ile iliyoitangulia, MGA, ilikuwa na chasi yake chini na bodi imekalishwa juu. MGB haina chasi; bati lenyewe ndilo chasi. Na kwa kuwa yako ni ya wazi, haina paa la kusaidia kushika, mzigo mkubwa unabebwa na vizingiti viwili, yaani ule ukingo wa chini ya mlango unaouvuka ukiingia garini. Kwa nje unaona bati moja. Kwa ndani kuna bati la nje, la katikati na la ndani, na chini yake inapita reli ambayo mafundi wa Kiingereza huiita ya ngome, kwa sababu ukiikata na kuitazama kwa ubavu imepanda na kushuka kama ukuta wa ngome. Tope la gurudumu la mbele linajikusanya nyuma ya gadi, maji yanaingia humo ndani na hayatoki. Na huku kila majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani. Wewe mtoto wa Tanga sina haja ya kukueleza chumvi inafanya nini kwenye bati.

MGB yangu ya kwanza ilikuwa GT ya 1971, ile yenye paa, rangi ya chungwa, na vizingiti vimefunikwa bati la chuma cha pua linalometameta. Nilikuwa nimefika mwaka wa pili tu Uingereza, nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Aliyeniuzia alinionyesha jioni, mvua ikinyesha. Siku niliyoifikisha nyumbani nikapitisha bisibisi pembeni ya kile kifuniko, nikasikia kitu kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Nikavuta. Kikatoka kizima mkononi, na nyuma yake hapakuwa na bati hata kidogo. Palikuwa na magazeti yamekunjwa, yamepakwa resini, yakakauka, yakasawazishwa kwa puti na kupigwa rangi. Ukurasa mmoja ulikuwa wa matokeo ya mpira, na nilikaa pale chini kwa muda nikiyasoma. Kule kwetu tunasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi niliuziwa gunia tupu.

Basi kwa jirani yako nenda mchana, jua likiwaka, na mfukoni uwe na sumaku ndogo ya friji iliyofungwa kitambaa chembamba isije ikachuna rangi. Anza chini ya mlango. Pale ukingo wa mbele wa mlango unapoishia, shuka kwa macho moja kwa moja hadi chini: pawe na mstari wa wima ambapo gadi ya mbele inakutana na kizingiti. Fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, pale gadi ya nyuma inapokutana na kizingiti. Mistari hiyo miwili ilikuwepo tangu kiwandani. Usipoiona, kuna mtu amefunika kizingiti cha zamani kwa kingine juu yake, au amejaza puti. Pitisha sumaku polepole sehemu ile yote. Ikishika hapa na kuanguka pale, ujue pale ilipoanguka hakuna chuma karibu.

Kisha mwombe mzee akuruhusu upandishe gari kwa jeki kidogo upande mmoja, huku mlango umefungwa. Tazama ule mwanya kati ya mlango na bodi, upande wa nyuma. Mwanya ukibaki vilevile, bodi inajishika yenyewe. Ukianza kufumba kwa juu gari likipanda, au mlango ukagoma kufunguka, basi gari linakunjika katikati na rangi ndiyo inayolishikilia. Ukimaliza hapo, piga magoti uchungulie nyuma ya gurudumu la mbele, inua mkeka uguse sakafu, halafu tazama pembe ya juu ya gadi ya mbele karibu na kioo. Gadi za mbele zimefungwa kwa bolti, hizo hazinisumbui sana. Za nyuma zimechomelewa.

Bei nakwambia kwa maoni yangu, na mwingine anaweza kukwambia tofauti. Vizingiti vikiwa vizima kweli, pauni 3,200 kwa MGB ya kromu hata isiyowaka ni bei ya jirani mwema, lipa na umshukuru. Vikiwa vimeoza, hiyo ni bei kubwa, kwa sababu kubadilisha vizingiti pande zote mbili kwa fundi anayejua, na kupiga rangi baada ya hapo, kunaweza kuzidi pesa ya kulinunulia gari lenyewe. Iko njia nyingine: British Motor Heritage pale Witney bado wanatoa bodi mpya nzima ya MGB, imepigwa kwa kalibu za kiwandani za zamani. Ni kazi nzuri sana. Ila bodi hiyo tupu, bila hata taa, inagharimu zaidi ya MGB nzima inayotembea, kwa hiyo wanaoinunua ni watu wa mapenzi, si wa hesabu.

Na kama utaamua kuchomelea, usianze wewe. Tafuta fundi wa bodi, na kabla hujamkabidhi gari muulize swali moja tu: kabla ya kukata utafanya nini? Akikujibu kwamba atachomelea mhimili wa chuma kukatiza tundu la mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kwamba atamaliza upande mmoja ndipo aguse wa pili, mwachie. Akikushangaa, ondoka. Nimeona gari la wazi lililokatwa vizingiti vyote viwili kwa pamoja bila mhimili. Lilikaa katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na milango yake haikufunga tena.

Tuchukulie bodi imepita mtihani. Sasa rudi kwenye injini, na naomba sana usimruhusu mtu alivute gari kwa kamba ili liwake. Kwanza hakikisha kama kweli imeganda. MGB ya 1973 haina betri moja, inazo mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti chini ya kifuniko, zimeunganishwa kutoa 12. Watu wengi hawajui hata zipo. Baada ya miaka 11 zitakuwa zimekufa na vichwa vyake vimeota unga wa kijani, kwa hiyo "haizunguki" ya mzee inaweza kuwa habari ya betri tu.

Toa plagi zote nne, uzipange kwa mfuatano ule zilivyokuwa. Mimina kijiko cha oili laini kwenye kila tundu, mimi hutumia oili ya giaboksi otomatiki, halafu funga gereji uende kazini. Iache ilale hivyo wiki nzima. Jumamosi inayofuata tia gia ya nne, toa breki ya mkono, sukuma gari mbele na nyuma kidogokidogo kama unambembeleza mtoto. Siku pistoni zitakapoachia utasikia oili inachuruzika na upepo unapuliza kwenye matundu ya plagi. Hapo badilisha oili ya injini na filta. Tia 20W50 ya madini ya magari ya zamani, si hii nyepesi ya magari ya leo, maana kemshafti ya injini hizi inahitaji ile zinki iliyomo. Kisha zungusha kwa stata bila plagi hadi sindano ya presha ya oili kwenye dashibodi inyanyuke. Isiponyanyuka, acha. Gari likishatembea na kupata moto, sindano hiyo ikikaa kati ya 50 na 70 ukiwa kwenye mwendo, injini yako ina maisha.

Petroli iliyomo ndani ya tangi imegeuka kitu kingine. Utaijua kwa harufu, kama vanishi. Itoe yote. Na ukishashusha tangi litazame juu, si chini. Tangi la MGB limening'inia chini ya buti, na uchafu na maji hukaa katikati yake na sakafu, kwa hiyo huozea mgongoni, mahali ambapo hakuna anayepatazama mpaka siku ya kujaza tangi likaanza kuvuja kwa juu. Mipira ya mafuta badilisha yote bila kuuliza. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya 1973 haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Nunua mipira inayostahimili ethanoli, na uwe unajaza ile ya bei ya juu, E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5.

Kabureta mbili za SU, zinazochanganya petroli na hewa, zinatisha watu bure. Fungua kifuniko kidogo kilicho juu ya kila moja, chomoa, uone kama ndani kuna oili. Halafu toa kichujio cha hewa, ingiza kidole, inua pistoni ya kabureta hadi juu uiachie. Ishuke taratibu na igonge chini: tak. Ikigonga, iko sawa. Ikikwama njiani, isafishe kwa petroli na kitambaa, usitumie msasa hata kama mtu atakushauri.

Kuna pampu ya petroli ya umeme ya SU pia, iko upande wa nyuma kulia, jirani na gurudumu. Ukiwasha ufunguo inatakiwa ipige tik-tik-tik kwa kasi, kisha ipunguze kabureta zikijaa. Ikinyamaza tangu mwanzo, mara nyingi ni platini zake, vile vidude vinavyogusana kupitisha umeme, zimeshika kutu. Yangu iliwahi kunyamaza kwenye mzunguko wa barabara nje ya Coventry, saa za watu kutoka kazini. Nikashuka nikavua kiatu, nikapiga magoti kando ya tairi la nyuma, nikaigonga kwa kisigino mara mbili, ikaanza kuimba. Basi zima lilikuwa limesimama linanitazama. Siku hizi naweka ya kielektroniki, inafanana na ya zamani kwa nje na haihitaji kiatu.

Breki sina maelezo mengi: usikarabati nusu. Baada ya miaka 11 mipira imevimba kwa ndani, silinda za nyuma zimeganda, mafuta ya breki yamekunywa maji. Badilisha mipira, silinda, mafuta, na tairi zote hata kama kashata zake zinaonekana mpya. Na lile vumbi jeusi kwenye ngoma za nyuma usilipulize. Breki za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa. Wewe nesi, barakoa ya FFP3 unaijua: vaa hiyo, si ile nyepesi ya upasuaji.

Kabla sijasahau, spana. Hili limeniharibia nati nyingi kuliko kutu. Sanduku la spana za magari ya Kijapani, 10, 12, 13, 14, halifai hapa. Gari hili ni la inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya 1/2 na utafurahi, kwa sababu tofauti yake ni milimita 0.3 tu. Ni hizo 0.3 zitakazokula kona za nati siku itakapokuwa imekaza, nawe umelala chini na hakuna nafasi ya msumeno. Nunua seti ya inchi iliyotumika kwenye magulio ya wikendi. Wazee wanaziuza kwa bei ya chipsi. Usisahau stendi za kubebea gari. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata mguu usiingize.

Sasa la mzee wa nyumbani na V8 yake. Mwambie si wazo la kijinga. MG wenyewe walitengeneza MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, jumla 2,591, kwa injini ya Rover ya cc 3,528. Na kinyume na watu wanavyodhani, injini ile ni ya alumini, uzito wake haupishani sana na hii ya chuma ya silinda nne. Inakaa vizuri. Shida ni kila kinachoizunguka: rejeta inabidi isogee mbele, ekzosti itafutiwe njia, giaboksi, difu na breki vyote vilingane na nguvu mpya. Mnaanza na kuwasha gari, mnaishia miaka minne baadaye na gari liko juu ya mawe na ndoa inatazamana na spana. Nimewanunulia watu wawili miradi ya namna hiyo, injini ikiwa bado ndani ya sanduku.

Mimi napenda kubadilisha magari, siwafichi. Napenda ukarabati wa kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, lakini gari la kuendesha linastahili kusaidiwa. Kwa lako ningebadilisha vitu visivyoonekana na vinavyoweza kurudishwa. Ndani ya distributa toa platini na kondensa, tia kifaa cha kielektroniki, halafu zile platini zifunge kwenye mfuko uziweke kwenye buti, kwa sababu cha kielektroniki kikifa kinakufa ghafla na platini hurudishwa kwa dakika 20 kando ya barabara. Hedi ikifunguliwa siku moja, iwekewe siti ngumu za valvu, maana petroli ya risasi iliyokuwa ikizilinda iliacha kuuzwa kwa jumla Uingereza mwanzoni mwa 2000. Kwenye saspensheni ya mbele weka bushi za ile GT V8. Zinaingia bila kukata chochote na usukani unakaa sawa. Taa za mbele zipe rilei, swichi ya zamani isibebe mzigo wote. Waya za ardhini, fungua kila moja, sugua bati hadi ling'ae, funga tena. Waingereza wanamtukana Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari haya, kwa giza la taa zao tangu enzi, lakini mara nyingi kosa ni kutu ya ukubwa wa kucha chini ya bolti moja.

Baada ya hapo liendesheni mwaka mzima hivyohivyo. Kama bado mtaona nguvu haitoshi, zungumzeni gia ya tano kabla ya V8. Watu wengi hutia giaboksi ya Ford Sierra na mngurumo wa barabara kuu unapungua.

Karatasi kwa ufupi. Gari la zaidi ya miaka 40 halilipi kodi ya barabara ukishaliandikisha kuwa la kihistoria, na halilazimiki kufanyiwa MOT, ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, kama halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa miaka 30 iliyopita. Peleka MOT hivyohivyo. Ni pesa ndogo kwa mtu mwingine kutazama breki ulizofunga mwenyewe kwa mara ya kwanza. Bima ichukuliwe ya magari ya zamani yenye thamani mliyokubaliana, na kila mlichobadilisha kitajwe, V8 kwanza.

Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha, ila hesabu miezi, usihesabu wiki. Piga picha kabla ya kufungua kitu. Nati za kila kazi ziwe na kopo lake, lenye jina.

Nenda ukaione kabla ya kumpa mzee hata senti. Muulize pia kama ana risiti za zamani. Mtu aliyechomelea vizingiti kwa haki huwa amehifadhi karatasi. Kisha niandikie uniambie kama ile mistari miwili chini ya mlango uliikuta au hukuikuta, na sumaku ilianguka wapi.